Jerikeni Iliyo Chini ya Kitanda Changu

Nilikosa mimi. Si shetani, si uzee. Mimi.

Jina langu nitaliacha, lakini sijawahi kusahau jina la mtu na hawa siwezi kuwaficha. Mwanangu ni Kyalo, huniita Mwaitu, yaani mama. Ako na karakana hapa Machakos, nyuma ya nyumba ninayolala. Fundi wake alikuwa Muthama, mtoto wa Kalunde, mama ambaye tunakaa naye benchi moja kanisani.

Kyalo hukata vyuma vigumu, vile drili ikigusa inavunjika. Mashine yake haina meno. Kipande cha shaba kinashuka karibu na chuma bila kukigusa, umeme unaruka, na cheche ndogo zinakula chuma polepole, ndani ya tangi ya mafuta. Muthama, ambaye huniita Susu, yaani nyanya, ndiye alinieleza. "Susu, cheche bila mafuta ni moto. Yakifunika chuma, hakuna shida."

Nilisikia vizuri! Nisije nikasema sikuambiwa.

Siku hiyo walikuwa wanachonga moldi, kalibu ya kutengenezea vifuniko vya chupa, ya mteja wa Matuu. Saa saba wakazima mashine, wakaenda kula. Isyo yangu, mahindi na maharagwe, ilikuwa haijaiva na jiko la mafuta limekauka. Mafuta ya mashine yananuka kama mafuta ya taa tu. Nikafungua koki ya tangi, nikajaza jerikeni ya lita tano. Nikajiambia, tangi kubwa hivi, nani atajua?

Muthama akarudi, akawasha. Asubuhi alikuwa amepima mafuta mwenyewe, hakupima tena, na kile kidude cha kuzima mashine mafuta yakipungua kilikuwa kimeharibika. Moto ulipanda mpaka kwa mabati. Ukamchoma mkono wa kulia hadi kwa kiwiko. Moldi ikaharibika.

Kyalo alikuja kwangu akinuka moshi. "Mwaitu, nani aliingia karakana saa ya chakula?"

"Sikuona mtu," nikasema. "Ni Muthama tu niliona asubuhi akibeba jerikeni."

Kweli alikuwa ameibeba. Ya maji!

Basi Muthama akafukuzwa kama mwizi wa mafuta. Hakuna karakana mjini inamtaka. Analima shamba la mamake kwa mkono mmoja. Kila Jumapili Kalunde hunishika mkono, ananiambia tumwombee mtoto, tumwombee na yule aliyemharibia jina. Ninasema amina. Ningesema nini kingine?

Na Kyalo, tangu siku hiyo, kila Jumamosi huniletea mafuta ya taa. "Usikose ya kupikia, Mwaitu." Ole wangu! Ninayapokea, ninapikia.

Ile jerikeni iko chini ya kitanda, nusu. Nikiimwaga, harufu itasema. Kuirudisha siwezi, karakana sasa iko na kufuli mbili. Ninalala juu yake.

Nyinyi mnaosoma, ukichukua kitu cha mtu, sema siku hiyo hiyo, kabla hujaulizwa. Mimi nilijibu mara moja tu, na jibu hilo nimeishi ndani yake mpaka leo.

Kyalo husoma ukurasa huu wa barua za wasomaji akingoja mashine imalize. Majina nimeandika vile yalivyo. Mwanangu, ukifika hapa, usikimbilie kwangu. Mpigie Muthama simu kwanza. Mimi niko hapa tu, nimekaa kitandani.