Fundi na Kiganja cha Thuo

Fundi wa dizeli katika gereji iliyo nyuma ya stesheni ya Nakuru huosha mikono kabla ya kazi, kisha hushika nozo, kile kichwa cha kupulizia mafuta ndani ya injini, kama anayeokota yai. Hakuna anayegusa ndani ya injini mpaka fundi huyo mwenyewe awe ameibana hendeli ya kuwashia kwapani, asije mtu akaiwasha. Nimesikia mafundi wa miji mingi wakitukana vyuma kwa lugha mbalimbali. Huyu huvinong'oneza kwa Kikikuyu, na watu huwasemesha kwa Kiswahili kifupi.

Asubuhi moja lori la kubeba ngano kutoka Mau Narok lilikuwa limefunguliwa injini, na mawingu yalikuwa yameanza kushuka. Thuo, fundi mwenzake aliyezoea injini za petroli, alikuwa akipampu mafuta kupima nozo. Akapeleka kiganja mbele ya nozo ili ahisi nguvu ya mafuta. Fundi akaupiga ule mkono chini.

"Mzee, ni mafuta tu," Thuo akacheka. "Mimi huoga nayo."

"Petroli unaoga. Hii ikitoka kwa presha inatoboa ngozi kama sindano. Kesho mkono umevimba, keshokutwa hospitali wanakata."

Akamvuta mpaka mlangoni kwenye mwanga, akakifuta kiganja, akaanza kutafuta tundu. Dereva wa lori, aliyeiogopea ngano yake mvua, akapiga honi.

"Hapa kunauma?"

"Hapana."

"Na hapa?"

Thuo akainama kutazama pale palipobonyezwa. Kicheko kilikuwa kimemwisha. Honi ikalia tena, matone ya kwanza yakagonga mabati, na fundi hakuuachia mkono.