Mikwaju Yote kwa Mguu Mmoja

Mikwaju hiyo imegharimu mguu mmoja wa kulia, kazi moja ya kudumu, na salamu za mama mmoja anayepita mbele ya kibanda changu kila asubuhi. Nimehesabu mara mbili. Hakuna cha kupunguza. Kosa ni langu!

Nauza suruali za mitumba karibu na Jogoo Road, na wakati wa mkasa huu nilikuwa meneja wa timu ya mtaa wetu wa Kaloleni. Kipa wetu, Saidi, alidaka hata nzi, lakini kupiga mpira mbali, bure kabisa. Kwa hivyo mikwaju ya goli, ile ya kuanzisha mpira kutoka golini kwetu, tulimwachia beki, kama timu nyingi za mtaani. Beki alikuwa Barasa. Lo, mguu ule!

Nikaona bidhaa nzuri haifai kukaa stoo. Nikamwongezea mikwaju huru, yaani frikiki. Halafu kona. Halafu penalti. Winga wetu, Kamau, aliziweza hizo, lakini nitumie miguu miwili ya nini na mmoja unatosha?

Tulipocheza na timu ya mtaa wa Mbotela, bwana mmoja wa kiwanda cha Industrial Area alikuja na daftari. Siku hizo kiwanda kikipenda mchezo wako, kinakuandika kazi. Barasa, kibarua wa kuokotwa asubuhi kwenye geti la kiwanda, alikuwa ameingoja siku hiyo pamoja na mamake, yule aliyekuwa akinisalimu kila akipita kibandani.

Wakati wa mapumziko akanijia akishika paja la kulia.

"Mzee, hapa panavuta. Mpe Kamau frikiki na kona, mimi nibaki na za goli."

"Yule bwana amekuja kuona nani, wewe au Kamau?"

"Mzee, panauma."

"Piga tano tu."

"Moja."

"Tatu, na usiniambie tena."

Akacheka, akakubali. Jamani! Mimi mtu akisema anaumwa nilisikia bei ya kwanza. Nikapatana naye juu ya paja lake kama napatana juu ya suruali!

Ya kwanza, kona, ilitoka nje. Ya pili, frikiki, iligonga mwamba, uwanja mzima ukasimama. Nikamtazama yule bwana: anaandika! Ya tatu, frikiki tena, Barasa alikimbia hatua nne, nikasikia kitu kama kitambaa kikichanwa. Mimi sauti hiyo naijua. Alianguka kabla ya kuugusa mpira.

Walipomtoa, Kamau akaupiga uleule mpira. Goli! Watu wakaruka. Yule bwana akafuta kitu kwenye daftari, akaniuliza, "Huyu anaitwa nani?"

Nikamwambia. Ningefanya nini?

Kamau sasa ana kazi na sare ya kiwanda. Paja la Barasa lilipona vibaya. Anachechemea, na getini hawamwokoti tena.

Nyinyi wenye timu, gawanyeni mikwaju! Mchezaji akisema panauma, amemaliza kusema. Hapo hapana bei ya maelewano.

Juzi Barasa alikuja kibandani kutafuta suruali. Nikamfungia ile nzuri kuliko zote.

"Chukua, ndugu yangu. Hiyo ni yako."

"Sema bei."

"Barasa, tafadhali..."

"Mzee, sema bei. Na leo usinipunguzie."

Nikaitaja. Akalipa yote, akaenda, mguu mmoja ukiburuta vumbi.

Wasomaji, nishaurini. Maisha yangu yote nimejua kupatana. Huyu hataki kupatana na mimi. Nimlipe vipi?