Kuona kwa Moyo, Nyumbani kwa Madam

Madam wangu wa Al Barsha, huku kwa Waarabu nilikokuja kufanya kazi za ndani, alikuwa mshairi, na kinachoniuma mpaka leo ni kwamba alikuwa mshairi mzuri. Angekuwa mbovu ningemcheka jikoni, yakaisha. Aliandika kwa Kiarabu mashairi ya kisufi ya siku hizi, yasiyo na vina. Ndani yake Mpenzi, yaani Mungu, hatafutwi tena jangwani. Anatafutwa kwenye lifti, kwenye metro, kwenye kioo cha duka lililofungwa. Kiarabu nilikianza chuoni Unguja, nilikosomea Kurani, na huku nikakizoea, kwa hiyo nilimwelewa. Kuna siku nilisimama na kitambaa cha vumbi mkononi nikimsikiliza mpaka maharage yakaungua.

Mtaji wake wote ulikuwa neno moja, khayali. Mimi ningeliita kuona kwa moyo. Aliwaeleza wageni wake kwamba baina ya dunia hii na ile ya siri pana mlango, na khayali ndiyo inayoufungua. Anayeweza kumwona Mpenzi kwa moyo keshafika, hana haja ya safari. Wanawake wenzake, wenye elimu na manukato ya bei, walitikisa vichwa. Mimi nami nilitikisa changu, birika la kahawa mkononi.

Kisha mama yangu akaugua. Dada alinipigia simu kutoka Unguja akasema mama hali tena, anauliza tu mimi nafika lini. Nikaenda kwa madam kuomba ruhusa, na pasipoti yangu, ambayo aliifungia kabatini siku niliyofika. Nauli nilikuwa nayo. Lakini madam alikuwa anaandaa kikao cha mashairi, Ijumaa baada ya sala ya alasiri, na kahawa yake hakumwamini mwingine kuipika. Hakunikaripia. Bora angenikaripia. Alinishika mkono, macho yamemlegea kwa huruma, akasema:

"Fumba macho umwone. Kwenye khayali hakuna umbali. Ndege inabeba mwili tu."

Nilimwambia mama anataka kunigusa. Akasema Ijumaa ikipita nitakwenda, inshallah, khalas, yaani basi yameisha, akarudi kwenye karatasi zake. Nilimchukia siku ile, chuki ya kukosa usingizi.

Ijumaa asubuhi dada akanipigia tena. Mama alikuwa amefariki alfajiri, na angezikwa baada ya sala ya Ijumaa. Dada alimwosha pamoja na shangazi, wakampaka karafuu maiti. Mahali pangu, pa kumshika kichwa wakati anaoshwa, pakashikwa na jirani. Madam sikumwambia. Nilijua angenipa pole tamu, na sikuitaka pole yake. Nikatwanga iliki, nikatandika mazulia, nikafukiza udi.

Wageni walipokwisha kukaa, madam alisoma shairi jipya. Lilikuwa la mtumishi ambaye mama yake anamwita kutoka ng'ambo ya bahari. Mtumishi anafumba macho, anafika, na yule mama anakunywa maji kiganjani mwake, anapona kiu. Madam alilisoma vizuri, kwa sauti ya chini, bila haraka, na mimi nikiwa nimesimama pale pale mbele yake. Birika likanitoka. Kahawa ikamwagika juu ya zulia, nami nikachutama nikalia kilio cha kwetu, kile cha msibani.

Hakuna hata mmoja aliyefikiri msiba. Walisema "Allah, Allah" kwa sauti za chini. Mmoja akaniwekea mkono mgongoni akawanong'oneza wenzake kwamba hali imenishika, yaani nimezama kwa Mpenzi, kwamba maneno yamenifungulia mlango. Kwa washairi wa namna ile hakuna sifa kubwa kuliko msikilizaji kushikwa na hali, na uso wa madam ulikuwa unang'aa. Aliwanyamazisha, akapiga magoti karibu yangu, akaniuliza mbele yao nimeona nini.

"Sikuona kitu," nikasema. "Mama amezikwa leo mchana, na pasipoti yangu iko kabatini kwako."

Madam alifumba macho, machozi yakamtoka, machozi ya kweli, siwezi kumsingizia. Halafu akanyoosha mkono nyuma kutafuta kalamu, akaniomba niyarudie maneno yale polepole.