Mama Anaisifu Nyama Ambayo Sikumpikia

Admin, jina langu lifiche, na mtaa wangu usiutaje, maana Kisangani tunajuana. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na saba, nina watoto watatu, nauza vitenge sokoni hapa commune ya Tshopo. Mama yangu mzazi ninaishi naye. Sisi ni Waislamu wa zamani katika mji huu, na mama yangu katika mambo ya chakula hana mchezo. Hali mgahawani, na nyama haigusi mpaka aambiwe nani kaichinja. Hata jirani zetu wa Kivu, Wakatoliki wale, wakiwa na harusi humwita mjomba wangu awachinjie kuku wa mama kando. Watu baki wanamheshimu hivyo. Shikeni hilo, ndipo mtaelewa kinyaa nilichonacho.

Ugonjwa huu wa mpox ulipoingia kwetu, mama alitoka vipele mwilini mpaka mdomoni. Mficha maradhi kifo humuumbua, kwa hiyo hatukuficha, tulimkimbiza hospitali siku ileile. Mnajua hospitali zetu: mgonjwa ni wa familia. Tunalala naye, tunamwogesha, tunampikia, na anayekaa naye tunamwita garde-malade. Safari hii mlinzi alinizuia getini.

"Mama, bagarde-malade habaingie tena. Weka chakula hapa ku dirisha, sema jina ya mugonjwa, rudia nyumbani."

Nilikubali. Ugonjwa unaambukiza, mimi si mjinga, na nina watoto. Lakini nikiwa bado nimesimama pale na sufuria yangu, ilifika gari ya mkubwa mmoja, mke wake akashuka na manukato yake, geti likafunguliwa, akaingia kumwona ndugu yake bila hata kunawa mikono. Mlinzi akampigia saluti. Mimi niliyemeza mate na kurudi nyumbani ndiye mwenye virusi, yeye virusi vinamwogopa.

Kila siku nilipeleka samaki wa kuchemsha na lituma laini, ndizi zile za kuponda, kwa sababu mdomo wa mama ulikuwa kidonda kitupu. Nyama sikuwahi kupeleka, angeitafunaje?

Mungu si Athumani, mama akapona. Siku ya kumtoa alinikumbatia getini akilia, akaniambia:

"Mutoto wangu, ile nyama ya mbuzi ulinitumia siku za mwisho, ile laini yenye mafuta, njo ilinirudishia nguvu. Ulinunua kwa nani?"

Nilidhani ugonjwa umemchanganya. Nikamkalisha kwenye benchi, nikaenda dirishani kuchukua sufuria zangu. Mlango wa pembeni ulikuwa wazi. Ndani nilimwona nesi mmoja kijana, ndiye mama humwita "docteur", ameweka beseni kubwa la plastiki sakafuni, la kufulia nguo, anamimina humo vyakula vya familia zote. Pondu ya huyu, maharage ya yule, samaki, fufu, nyama, vyote pamoja. Anakoroga na glavu zilezile alizotoka nazo kwa wagonjwa, kisha analamba kijiko kuonja chumvi. Analamba, anakirudisha kwenye beseni! Sisi tumefukuzwa getini kwa ajili ya usafi, jamani!

Nilimuuliza yule nesi, mama yangu alikuwa analishwa nini humu ndani. Hakuona hata haya.

"Bon, mama, huku tunachanganya yote. Kuko bagonjwa habana familia, donc bale nini, mawe?"

"Na nyama ya mbuzi ilitoka wapi?"

"Mbuzi gani? Ile ilikuwa ngulu, mama. Alikula, akaomba ingine." Akacheka. "Si amepona? Alors, unalilia nini?"

Ngulu. Nguruwe! Nilitoka nje nikatapika kwenye mfereji. Niliporudi kumpigia kelele, mkubwa wake akaniambia ndiyo utaratibu wa pavillon, wodi yao hiyo, tena niwashukuru. Wasio na ndugu wale, sikatai, hata mimi ningewapikia sufuria yao. Lakini kwa nini dirishani wanatuuliza jina la mgonjwa, tunalitaja kila siku, halafu chakula kinaishia kwenye beseni moja kama cha mifugo? Hakuna mdomo wa kusema, "Mama, hii ina nyama ya nguruwe, utakula?" Na mama angewajibu.

Najua mtasema asiyejua hana dhambi. Mimi pia najua. Shida yangu si dhambi, ni mama yangu. Ijumaa hii anafanya dua ya kushukuru kupona. Amealika imamu na wanawake wenzake wa msikitini, na amenipa amri nipike "ile nyama". Baya zaidi, amemwalika yule nesi aje ale kwetu, na amekubali kuja. Mwanaume yule mdomo wake hauna breki, na kwake jambo hili ni kichekesho. Akilitamka mbele ya wageni, mama hatainua tena uso wake mtaani.

Mdogo wangu ananiambia, "Yaya, dada yangu, nyamaza tu, usimuue mama mara ya pili." Nikisema ukweli, namvunja akiwa bado dhaifu. Nikinyamaza, nimeungana na watu wale kumlisha asichokijua. Yule kijana nimemtafuta nimwombe asije, mlinzi hanifungulii geti.

Na kila baada ya swala mama anainua mikono yake yenye makovu, anamwombea yule "docteur" maisha marefu, na mimi nyuma yake naitikia amina. Ndugu zangu, Ijumaa inafika. Nimwambie, au niendelee kuitikia?