Klachi ya Mkono wa Kulia

Harufu ya mafuta ya taa yaliyochafuka kwa grisi hunipandisha hasira mpaka leo. Wengine wakikumbuka utoto wao hunusa maandazi, au udongo ulionyeshewa mvua ya kwanza. Mimi hunusa banda letu la Mayoni, lililokuwa la ng'ombe kabla ng'ombe hajauzwa, kuta zake za mabati yenye kutu na sakafu ambayo bado ilitoa uvundo wa samadi jua likiwaka. Miwa ilianzia hatua chache nyuma ya banda, na upepo ukivuma majani yake yalikwaruza mabati kutwa nzima. Humo ndani, mwaka niliotimiza miaka kumi na miwili, mimi na baba tulifufua pikipiki. Nasema mimi na baba, na nitalisema hivyo hivyo mpaka nife, kwa sababu wapo wanaosema vingine.

Baba alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha sukari hadi mashine ilipomponda vidole vitatu vya mkono wa kushoto. Akarudishwa nyumbani na mkono uliofungwa bendeji na barua ya kumshukuru. Miezi ilipita akikaa tu mlangoni, akimfokea kila apitaye. Kisha afisa mmoja wa kilimo aliyestaafu akampa pikipiki yake ya zamani, iliyokuwa imelala chini ya upenu wa nyumba yake miaka mingi, kuku wakiatamia juu ya kiti. Baba aliisukuma hadi nyumbani kwa kifua na mkono mmoja. Alitaka kubebea abiria, awe tena mtu anayetoka asubuhi akarudi jioni. Lakini injini ina vitu vidogo vidogo, na mkono wake haungeweza kushika hata nati. Kaka yangu Protus, aliyenizidi miaka mitatu, alikuwa shule ya bweni. Basi nikaitwa mimi.

Nilikuwa vidole vyake. Yeye aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaeleza, mimi nikafungua. Nilijifunza kuosha kabureta kwa mafuta ya taa na unyoya wa kuku, kupitisha waya mwembamba kwenye kitundu kisichoonekana, kusugua tangi kwa msasa hadi ngozi ya ncha za vidole ikaisha. Kila nilichokifungua nilikipanga juu ya gunia kwa mfuatano, na nikikosea baba hakunifokea. Hilo lilinishangaza, kwa maana alimfokea kila mtu. Kwa kuwa nilipewa jina la mama yake mzazi, aliniita mama, kama kwetu baba amwitavyo binti wa namna hiyo, na humo bandani neno hilo lilikuwa na uzito wake. "Mama, umeipata?" angeuliza, na mimi ningejibu, "Nimeipata, baba." Kiti tulikirefusha kwa sponji ya kochi kuukuu ili kitoshe abiria wawili, na tangi tukalipaka rangi ya buluu iliyobaki baada ya milango ya kanisa kupakwa.

Kazi iliyotutesa zaidi ilikuwa klachi, kile kishikio kinachobanwa kabla ya kuingiza gia. Kwenye pikipiki zote klachi hubanwa kwa mkono wa kushoto, na wa baba haukuwa na cha kubania. Tulikaa siku nyingi tukiitazama tu. Mwishowe mimi ndiye niliyesema tuvibadilishe nafasi: klachi ihamie kulia, breki ya mbele ije kushoto, kwa kuwa breki ya mguu ingemtosha. Baba alicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu aumie. Ilibidi tutafute waya mrefu zaidi na kuupitisha upya chini ya tangi, na niliufunga na kuufungua hata sikumbuki mara ngapi. Siku ulipokubali, baba aliniwekea ule mkono wake mbovu kichwani. "Mama, hii kitu ikiwaka, wewe ndio utaipanda wa kwanza," alisema. "Mimi nitakaa nyuma kama abiria." Ahadi ni deni, na mimi nililibeba lile neno shuleni, kisimani na kitandani. Sikuwa nimewahi kuahidiwa kitu.

Iliwaka mwezi wa Desemba, Protus akiwa amefunga shule. Tangu ianze kutengenezwa alikuwa ameingia bandani mara moja tu, likizo ya Agosti, akaziba pua na kwenda zake kucheza mpira. Baba aliwaita majirani na ndugu, kuku akachinjwa. Baba mkubwa Makokha, kaka yake baba, alikuja kuibariki. Nilikuwa nimevaa suruali ya Protus niliyoikunja miguuni, nimesimama kando ya pikipiki, mkono juu ya kiti. Baba mkubwa akanitazama, kisha akamtazama baba.

"Ndugu yangu, msichana hapandangi kitu akitanua miguu mbele ya wazee. Kwani hii nyumba haina kijana?"

Nilimtazama baba. Nilikuwa na hakika atajibu. Aliangalia chini, akaisugua mikono yake, kisha akaita, "Protus, kuja." Na kana kwamba hilo halikutosha, akawageukia wageni: "Mimi na kijana wangu tumehangaika na hii kitu tangu mvua ianze." Watu wakapiga makofi. Protus akapewa imondo, firigisi ya kuku, ambayo kwetu hupewa mwanamume anayeheshimiwa. Akaila. Waswahili husema mchumia juani hulia kivulini. Mimi nilichumia juani, na kivulini akakaa mwingine, akatafuna.

Kisha akapanda. Baba alimkanyagia kiki, injini ikanguruma vizuri, na Protus akabana mkono wa kushoto, kama alivyowaona watu wote wakifanya. Akakanyaga gia huku akizungusha mafuta. Pikipiki iliruka mara moja, ikazimika, ikaanguka ubavu pamoja naye. Tangi la buluu likabonyea. Hapo kila aliyekuwa na macho aliona: mtu hawezi kuitengeneza pikipiki miezi yote hiyo asijue klachi iko wapi. Nilisema kwa sauti, "Klachi iko kulia." Uwanja mzima ulinisikia. Baba alimwinua Protus, akampangusa vumbi, na bila kunitazama akasema, "Mama, nenda usaidie mama yako jikoni." Nilikwenda. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwamba nilikwenda.

Leo nafundisha ufundi wa mitambo katika chuo kimoja mjini Kakamega. Nusu ya wanafunzi wangu ni wasichana, na barabara ya Iguhu kuna mama anayebeba abiria kwa pikipiki na hakuna mzee anayemwuliza habari za miguu yake. Dunia imekwenda, watu huniambia. Yaliyopita si ndwele. Ni ndwele. Asiyekujua hakuthamini, sawa, lakini baba alinijua. Baba mkubwa simkasirikii hata kidogo, kwa sababu hakuniahidi chochote. Protus naye anauza bima Nairobi na humwita fundi akitoboka gurudumu. Yeye alikula alichopewa.

Mwaka jana, miaka mitano baada ya mama kufariki, nilikwenda Mayoni kumtengenezea baba pampu ya maji. Jirani aliyehamia karibuni alisimama akinitazama nikiifungua, akashangaa, akamwuliza baba nilijifunzia wapi kazi hiyo. Baba akajibu kwa fahari, "Ni kwa kaka yake. Mimi na Protus tulitengenezanga pikipiki hapa, na huyu akituletea chai." Nilimtazama machoni nikitafuta ule uongo wa siku ile, nikaukosa. Hakuwa anadanganya tena. Ndivyo anavyokumbuka. Mwongo ningemgombeza, huyu mzee ningemwambia nini? Hata hivyo nilisema, "Baba, ilikuwa mimi." Akacheka, akamwambia jirani, "Huyu anapendanga mzaha."

Nilifunga pampu, maji yakatoka, nikanawa, nikakusanya spana zangu na kuondoka wakati chakula kikipakuliwa. Kwetu, binti akitoka kwa baba yake bila kula, watu huuliza amekosewa nini. Hakuna aliyeuliza.