Fundo Nililolifungua Kwenye Kitenge cha Marehemu

Admin, jina langu lifiche, na la mtoto pia, maana huku Bariadi tunajuana. Nina miaka thelathini na mbili. Nimeolewa na mwanaume aliyefiwa na mke, dereva wa lori la pamba, na nilimkuta na binti mmoja ambaye sasa ana miaka tisa. Nimwite Minza. Mimi kuzaa bado sijajaliwa, kwa hiyo Minza ndiye mtoto wangu. Wenye matusi wapite mbali, nimeshajitukana vya kutosha.

Mimi ni mtu wa jikoni na cherehani. Mtoto akirudi shule anakuta kitu mezani: maandazi, kashata, au michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, navichemsha na karanga za kutwanga. Jioni napika vya haraka, ugali na dagaa wa Lamadi wenye nyanya nyingi, tumemaliza. Muda unaobaki nashona. Shati la baba likichakaa linakuwa sketi ya mtoto, pazia linakuwa aproni. Majirani wananitania kwamba siku moja nitamkata mume wangu nimshone foronya.

Pamoja na hayo yote, miaka miwili Minza aliniita mama mdogo. Hakuwa na kiburi. Alikuwa na adabu, ile adabu ya mtu aliyekuja kukutembelea, na iliniuma, sitaki kudanganya.

Mwezi uliopita mume wangu akiwa safarini, nilivuta sanduku la bati lililo chini ya kitanda cha mtoto nikakuta kitenge cha marehemu, cha bluu chenye maua ya njano. Nikapata wazo ambalo mpaka leo najiuliza lilitoka wapi: nimshonee foronya, alale na mama yake. Sikumuuliza mtu. Pembe moja ilikuwa imefungwa fundo. Wanawake mnajua, pembe ya kitenge ndiyo pochi yetu. Nikalifungua ili ninyooshe kitambaa nikate. Ndani kulikuwa na mchembe mmoja, mkavu kama ukucha. Nikautupa uani bila kuutazama mara mbili, na tetea wangu mwekundu akauwahi.

Minza aliporudi nikampa foronya. Aliitambua palepale. Akaweka uso wake juu yake, akakaa hivyo mpaka chai ikapoa. Halafu akasema, "Asante mama." Mama, bila mdogo. Nilijifanya natafuta uzi ili asinione nalia.

Kisha akauliza, "Na lile fundo langu umeliweka wapi?"

Nikamuuliza fundo gani. Akanieleza taratibu. Siku mayu wake, ndivyo alivyomwita mama yake kwa Kisukuma, alipopelekwa hospitali, Minza alikuwa na miaka sita. Alimfungia mchembe kwenye pembe ya kitenge alichojifunga, akamwambia, ukipona njaa itakuuma, utakula huu. Mayu hakurudi mzima. Kitenge kilirudi, fundo likiwa vilevile. Bibi yake, yaani mama wa marehemu, akasema asilifungue mtu mpaka Minza akue, alifungue mwenyewe. Kila bibi akija kutoka Ipililo wanakaa wawili tu, wanafungua sanduku, wanalishika lile fundo, wanalirudisha.

"Tunamsalimia," Minza aliniambia.

Nikamjibu, "Nimelihifadhi." Neno moja tu hilo, na ni la uongo.

Sasa yule tetea amezoea kuja kusimama mlangoni mwa chumba cha cherehani, ananitazama kwa jicho moja. Labda zamani alikuwa anakuja vilevile na mimi sikujali, sijui. Nikimfukuza anarudi. Mara mbili nikiwa nakanyaga cherehani mchana kweupe nimesikia mwanamke akipiga hodi kwa sauti ya chini, nikitoka nje hakuna mtu. Mimi nasali, mambo ya mizimu siyafuati, lakini nawaeleza yanayonitokea. Michembe nawapikia wao, mimi siwezi kuila tena.

Jumanne bibi akapiga simu. "Mwanangu, Jumamosi nakuja kumwona mjukuu wangu." Mume wangu alifurahi, akazunguka uani kunichagulia kuku wa mgeni. "Chinja yule mwekundu, ndiye mnene. Firigisi mtengee mama."

Yaani nimpikie mama wa marehemu kuku aliyekula mchembe ule, kisha nimtengee firigisi kwa heshima. Nikasema yule anataga. Akanijibu, "Anataga wapi, mwezi mzima sijaona yai lake."

Jana nilifanya jambo jingine. Ile pembe ya kitenge nilikuwa nayo kwenye kapu la mabaki. Nikachukua mchembe kwenye kopo la jikoni, nikaufunga fundo, nikaliweka sandukuni. Ukilitazama huwezi kujua. Leo mchana Minza alilitoa, akalishika kwa mikono miwili, akamsalimia mayu wake kwa Kisukuma, kidogokidogo, kama mtu anayeongea na mgonjwa. Halafu akanisogezea.

"Mama, na wewe msalimie."

Nikalishika. Nikamsalimia marehemu kwa mchembe wangu mwenyewe, na mtoto akatabasamu.

Nikisema ukweli, nitakuwa nimemnyang'anya mama yake mara ya pili, na nitarudi kuwa mama mdogo, kama bibi hatamchukua kabisa. Nikinyamaza, siku akikua atalifungua mbele yangu alie juu ya kitu nilichokitoa kwenye kopo la jikoni. Leo ni Alhamisi. Kuku yuko mlangoni hapa ninapoandika. Mliolea watoto walioachwa na marehemu, nisaidieni: nianze kumwambia nani, bibi au mtoto, na neno la kwanza liwe lipi?