Nduru ya Rwamba

Rwamba wa Ruiri alikuwa na hasira ya miaka miwili, na msidhani ilikuwa imepoa. Hasira ya mwanamke aliyenyamazishwa haipoi, inaiva. Na kijiji kizima kilijua ni juu ya nani: juu ya Muthomi, ndugu wa marehemu mumewe, ambaye nyumba yake na ya Rwamba zimetenganishwa na ua tu.

Ilianza jioni ambayo fahali alimpiga mumewe Riungu pembe ya kifua, hapo hapo bomani. Rwamba, binti wa Embu aliyeolewa huku, alipiga nduru mpaka sauti ikakatika. Na nduru haina adui. Ukiisikia unatupa jembe unakimbia, hata kama juzi mlitukanana. Muthomi ana pikapu ya kumfikisha mtu hospitali. Hakutoka. Riungu akakata roho mikononi mwa mkewe. Halafu matangani jamaa huyo akalia kuliko wote, eti redio ilikuwa juu, hakusikia kitu. Uso mkavu kama ngozi ya ngoma!

Hakutosheka. Akasogeza mpaka, akameza kipande kizuri cha shamba la marehemu. Wazee wa ukoo walipochoka na kesi, wakaleta beberu wa kiapo. Kiapo hicho hakichezewi. Anayekila kisha akadanganya, watu huanza kumtafutia mbao za jeneza. Wakamwambia Rwamba achague swali moja tu, na Muthomi atalijibu kweli tupu.

Bintiye Beverlyne, anayesoma chuo huko Nchiru, alimsihi kwa simu aulize habari ya mpaka, maana shamba ndilo linalowalisha. Mtoto alisema kweli. Rwamba alijua akiuliza lingine shamba limekwenda. Alijua vizuri sana, na bado lile lingine halikumwacha alale.

Muthomi akala kiapo, akajipanga kujibu mambo ya mpaka.

"Shemeji, siku ile nikipiga nduru," Rwamba akamuuliza, "ulinisikia?"

Wazee wakaguna. Mama amejimaliza, walifikiri. Muthomi akamtazama yule beberu, jasho likamtoka.

"Nilisikia," akasema. "Tangu ya kwanza. Nilidhani ni Riungu anakupiga."

Alisema hivyo kama mtu aliyejitetea vizuri! Na kilichomchoma Rwamba zaidi, wazee wawili walitikisa kichwa kukubali, kwamba hapo ameeleweka, ya mtu na mkewe hayaingiliwi. Aliwatazama mmoja mmoja. Alitaka kuwatapikia. Akajifunga leso kiunoni akaondoka bila kumuaga yeyote.

Hakuwa amefika barabarani Beverlyne akapiga simu, akitaka kujua wamesema nini kuhusu mpaka.

"Achana na mpaka," Rwamba akamwambia. "Nisikilize, mama. Mtu akikuvamia huko unakokaa, usipige nduru. Sema nyumba inaungua. Hapo watakuja."